Chuo Kilichokuwa Mbioni

Hapo zamani, zama ambazo mtu akiapa mbele ya watu kiapo chake kilimwandama kama kivuli, palikuwa na mji uitwao Mawembali, na mji huo ulikuwa na Sultani, jina lake Mwinyimvua. Hakuwa mtu mbaya. Ukimletea njaa yako mbele ya macho yake alikushibisha. Bali ukiiacha nyumbani, hakuiona. Na mambo mawili aliyapenda mno: usingizi wa mchana baada ya chakula, na ndege wake tausi.

Katika mji huo alikuwako mtu akiitwa Vuai. Wengine walimwita mpumbavu, kwa kuwa alilichukua neno la mtu kama lilivyotoka kinywani, asilikunje wala asilikunjue. Ukimwambia, "Vuai, nipe mkono," alikuuliza, "Wa kulia au wa kushoto, na utanirudishia lini?" Mali hakuwa nayo. Alikuwa na kibanda cha udongo cha chumba na ukumbi, jiko la makuti uani, na mkewe Bi Kazija, mwanamke wa moyo mwema na ulimi wa kukatia muhogo.

Basi mwaka mmoja masika yakanyesha hata yakapitiliza, na chuo cha watoto, pale walipokuwa wakisoma na kuandika, kikaanguka chote. Ilikuwa siku ya Ijumaa, watoto hawakuwamo. Akafa jogoo mmoja tu aliyekuwa amejikinga na mvua, na mwenye jogoo akasema, heri jogoo.

Sultani akawakusanya watu, akaapa mbele yao kuwa atajenga chuo kipya kwa mali ya hazina, kuta za mawe na chokaa, dari ya boriti, kisianguke tena hata ije gharika. Watu wakashangilia, wanawake wakapiga vigelegele. Kisha Sultani akauliza, "Na hawa watoto wasome wapi, chuo kikijengwa? Nani atawapa nyumba?"

Watu wakatazama viatu vyao, na wasio na viatu wakatazama vidole. Vuai, maskini, usiku ule dari ilikuwa imemvujia, hakulala; usingizi ukamjia pale pale aliposimama, akapiga mwayo mkubwa, akajinyoosha mikono juu.

"Vuai huyo!" akapaza sauti Waziri Shekue. "Amenyanyua mkono! Tazameni, amenyanyua yote miwili!"

Watu wakashangilia tena. Vuai akafumba kinywa, akauliza, "Bwana Waziri, ni kwa muda gani?"

"Muda mfupi tu," akasema Waziri. "Usiwe na wasiwasi. Chuo kiko mbioni."

Basi watoto wakaingia nyumbani kwa Vuai na vibao vyao na wino wao, na mwalimu wao Maalim Faki, mzee wa goti bovu na sauti ya radi. Vuai na Bi Kazija wakahamia jikoni, wakalala baina ya mafiga na banda la kuku. Ikawa alfajiri kuku wanawaamsha, asubuhi watoto wanawafukuza, na jioni Bi Kazija akiingia ndani mwake kutafuta ungo, anakuta umeandikwa alifu upande huu na bee upande wa pili.

Ikapita miezi. Vuai akenda kwa Waziri. "Bwana Waziri, chuo kimefika wapi?"

"Tumekwisha jenga lango," akasema Waziri. "Nenda ukalitazame, lina nakshi za maua. Kila nyumba huanza kwa lango."

"Yangu ilianza kwa shimo la nguzo," akasema Vuai. "Pengine ndiyo maana mimi ni maskini."

Akenda akalitazama. Lango lilikuwa zuri kweli, limesimama peke yake katikati ya nyasi, na mbuzi akiona uvivu kulizunguka alipita ndani yake kama mgeni wa heshima.

Ikapita miezi mingine, Vuai akarudi. Safari hii likawa limejengwa baraza la Sultani kukaa siku ya kufungua chuo. "Na siku hiyo," akauliza Vuai, "tutakuwa tunafungua nini?" Waziri akasema, "Neno hilo lina wakati wake. Chuo kiko mbioni."

Akarudi tena. Mawe ya chuo yalikuwa yamejengewa ukumbi mpya wa kupumzikia, upande wa bustani ya kasri, kwa maana, alisema Waziri, Sultani asiyelala mchana hawezi kufikiri mambo ya chuo. Na boriti zilizokatwa kwa ajili ya dari ya watoto zikawa zimeezeka nyumba ya tausi.

"Tausi?" akasema Vuai. "Nao wanasoma?"

"Ndege hana akili ya kungoja," akajibu Waziri. "Mtoto unaweza kumfundisha subira. Nenda zako, Vuai. Chuo kiko mbioni."

Akarudi nyumbani, akamkuta Bi Kazija amekaa juu ya kinu, furushi la nguo magotini.

"Enhe, baba," akasema mkewe. "Amesemaje leo?"

"Amesema kiko mbioni."

"Bado tu?" Bi Kazija akacheka, lakini kicheko hicho hakikuwa na utamu. "Mume wangu, nisikilize. Mimi niliolewa na wewe, sikuolewa na moshi. Vuli imenikuta jikoni nikavumilia. Masika sivumilii. Makuti haya mtu akilala chali anahesabu nyota. Siku tone la kwanza la masika litakaponiangukia puani, mimi huyo, nakwenda kwa kaka yangu, na wewe ubaki hapa usome alifu na wenzio."

"Mke wangu, Waziri wa Sultani kasema kwa kinywa chake…"

"Kinywa chake! Kitu kikimbie mwaka mzima kisifike? Basi ama kimepotea njia, Vuai, ama kinatukimbia sisi!"

Vuai akasimama kama mtu aliyechomwa mwiba. "Kinatukimbia," akasema. "Ala! Kumbe dawa yake ni kukikamata." Akatwaa kamba ya ndoo kisimani, akatoka mbio.

Basi watu wa mji wakamwona Vuai akikimbia vichochoro na kamba begani. Anachungulia nyuma ya kuta, anainama kutazama chini ya meza za wauza samaki, anasimama njia panda na kunusa upepo.

"Vuai, umepoteza ng'ombe?"

"Sikupoteza ng'ombe. Natafuta chuo cha Sultani. Hamkukiona kikipita hapa? Kina kuta nne na dari, kiko mbioni tangu mwaka jana, lazima sasa kimechoka."

Watu wakacheka hata wauza samaki wakasahau nzi. Mmoja akasema, "Nimekiona, kimekatiza kule shambani!" Mwingine akasema, "Hakikimbii, kimepanda punda!" Mwanamke mmoja muuza maandazi akasema, "Mwanangu alianza kungoja chuo hicho hana ndevu. Ukikikamata, Vuai, kiambie sasa anaoa." Na kicheko hicho kikapanda vichochoro, kikaingia kasrini, kikamfikia Sultani kitandani mwake na kumwamsha.

Sultani akaghadhibika. Vuai akaletwa mbele ya baraza, kamba ingali begani.

"Ewe Vuai," akasema Sultani, "umenifanya mchezo wa wauza samaki?"

"Hasha, Maulana, Mungu akupe umri. Nilifanya kazi yako. Waziri wako alisema chuo kiko mbioni, nami najua Waziri wako hasemi uongo. Nikaona aibu kuwa chuo cha Sultani kinakimbia ovyo mjini, na hakuna mtu wa kukishika."

Watu wa barazani wakauma midomo. Waziri Shekue akajongea sikioni mwa Sultani, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Maulana, mwenye ulimi apewe mzigo wa ulimi wake. Akikamate basi. Akisimamishe mbele yako kabla ya Ijumaa. Akishindwa, atoke katika mji huu, na nyumba yake iwe ya hazina, kwa kuwa ndimo watoto wanamosoma, na tutakuwa tumepata chuo."

Vuai akamfikiria Bi Kazija na furushi lake. Sasa hata jiko hatakuwa nalo la kulikimbia. Lakini akauliza kwa upole, "Maulana, nikikikamata, kikasimama mbele yako, je, hakitaondolewa tena? Maana kitu kilichozoea kukimbia, mkikisukuma kidogo, kitatoroka."

Sultani akatabasamu, hasira ikampungua. "Naapa mbele ya baraza hili. Hapo kitakaposimama mbele yangu ndipo pake, hata kikisimama juu ya mto wangu wa kulalia, mpaka nikijengee kuta mahali pengine. Umeridhika?"

"Nimeridhika," akasema Vuai, akabusu mkono wa Sultani, akaenda zake.

Alipofika nyumbani hakusema na mkewe. Aliingia ukumbini, akachutama mbele ya Maalim Faki. "Maalim, mimi sikusoma. Niambie, chuo ni nini? Ni kuta?"

Maalim Faki akakohoa. "Kuta zilianguka mwaka jana, nami sikuacha kufundisha hata juma moja. Ingekuwa chuo ni kuta, mimi ningekuwa nyumbani kwangu nimenyoosha goti. Chuo ni mwenye kufundisha, na wenye kufundishwa, na hivi vibao."

"Basi, Maalim, jiandae. Sultani amesema uko mbioni."

"Mimi? Na goti hili?"

Vuai akaazima punda kwa jirani. Na siku ya Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, jua likiwa kali na mji mzima unasinzia, Maalim Faki akapandishwa juu ya punda, fimbo mkononi, watoto wakashika vibao vyao, na Vuai akasema, "Wanangu, kila siku mnaambiwa msikimbie. Leo atakayetembea atachapwa."

Ndipo ukasikiwa mshindo ambao Mawembali haujapata kuusikia. Watoto wakatoka kama nyuki, wanapiga kelele "Alifu! Bee! Tee!" kwa kila hatua, punda nyuma yao anarusha mateke, na Maalim Faki juu yake anasahihisha: "Si 'tee', wewe! Vuta! 'Teeee'!" Bi Kazija akachomoza jikoni, mwiko mkononi. "Vuai! Kuna nini? Kuna moto?"

"Chuo, mke wangu! Kiko mbioni!"

Bi Kazija akatazama watoto, akatazama punda, akaelewa. Akautupa mwiko, akautwaa mtungi wa maji ya watoto, akaubandika kichwani. "Ngojeni, mtungi huu nao ni wa chuo!" Akakimbia nao, hata tone halikumwagika.

Wakapita sokoni, wakapita katikati ya lile lango la nakshi, na mbuzi akawapisha. Wakafika mlango wa kasri. Askari akaweka mkuki wake njiani. "Simameni! Mnakwenda wapi?"

"Usiseme simameni!" akapiga ukelele Vuai. "Hukusikia kiapo? Chuo kikisimama mbele ya Sultani ndipo pake. Ukikisimamisha hapa Sultani akachungulia dirishani, hapa ndipo pake. Wewe utalinda wapi?"

Askari akafikiri. Punda akampumulia usoni. Askari akauondoa mkuki.

Sultani Mwinyimvua alikuwa amekwisha kula pilau, amejilaza katika ukumbi wake mpya, baridi ya mawe inamlewesha, tausi wanapiga mikia nje. Ndipo mlango ukafunguka, ukumbi ukajaa watoto, punda akaingiza kichwa, na Vuai akanyanyua mikono yote miwili.

"Chuo, simama!"

Wakasimama kimya, wanahema. Mmoja alikuwa amesimama juu ya mto wa Sultani.

Sultani akaketi, kilemba kimemlalia sikioni. "Vuai! Ni kitu gani hiki?"

"Ni chuo chako, Maulana. Kilikuwa mbioni kweli kama walivyosema. Nimekikamata kikihema hivi. Sasa kimesimama mbele yako."

Waziri Shekue akaja mbio, pindo la kanzu mkononi. "Hila hii, Maulana! Chuo ni kuta na dari! Hawa ni watoto tu!"

Vuai akamgeukia kwa adabu. "Bwana Waziri, wewe ni mtu wa elimu, mimi ni mtu wa mwayo. Nifundishe. Kama chuo ni kuta, ni kuta zipi zilizokuwa mbioni mwaka mzima? Nionyeshe ukuta mmoja tu, nami nawatoa watoto hawa sasa hivi. Na ikiwa ukuta hakuna, basi ama kilichokuwa mbioni ni hiki, ama neno ulilokuwa ukimwambia Sultani wetu lilikuwa…"

Hakulimaliza, kwa heshima.

Sultani akamtazama Waziri. Waziri akatazama tausi. Hata punda akaona haya, akaondoa kichwa chake.

"Niliapa," akasema Sultani kwa sauti ndogo. "Mbele ya baraza zima. Vuai, watakaa humu mpaka lini?"

"Muda mfupi tu, Maulana," akasema Vuai.

Basi chuo kikakaa. Ikawa kila asubuhi watoto wanaingia, wino unadondoka juu ya mazulia, na sauti ya Maalim Faki inatikisa vikombe kabatini. Sultani akahamia barazani kulala, kelele zikamfuata. Akahamia chumba cha juu, zikampandia ngazi. Tausi wakajifunza kuitikia kila watoto wafikapo "tee". Na siku moja Sultani aliposhuka kukohoa mlangoni, Maalim Faki akamtolea jicho. "Bwana, hapa panasomwa." Sultani akarudi juu kwa ncha za vidole, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Asubuhi ya pili akamwita mkuu wa mafundi, Fundi Mbwana. "Chuo kikijengwa kwa haki, kinachukua muda gani?"

"Vitu vikiwapo, Maulana, kitasimama kabla ya masika."

"Nini hakipo? Mawe?"

"Umeyalalia, Maulana. Ndizo kuta za ukumbi huu. Lakini mawe mengine yanachimbika, ukitoa watu."

"Nimetoa. Boriti?"

Fundi Mbwana akakuna shingo. "Zimewafunika tausi."

"Ezueni."

"Maulana!" akasema Waziri Shekue. "Na tausi watalala wapi?"

"Kwako," akasema Sultani. "Ukumbini. Kwa muda."

Hapo ndipo watu wa Mawembali walipojua ya kuwa mawe yana miguu. Mafundi waliokuwa wakija jua likiwa kali wakaja na umande, chokaa iliyokuwa haipatikani ikapatikana, na Sultani mwenyewe, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akawa anafika kila asubuhi na kuuliza, "Ukuta wa jana umepanda?" Akaambiwa mahali paliposalia kazi, wala hakuna aliyethubutu kumwambia neno lingine. Waziri naye alikuwa akija mapema, manyoya yamemshika kwenye kilemba, akiwahimiza mafundi kuliko mtu yeyote.

Mawingu ya masika yalipoanza kuvimba upande wa kusini, chuo kikawa kimekwisha. Watoto wakaingia, Maalim Faki akagonga ukuta kwa fimbo yake, ukuta ukamjibu. Sultani akaketi kwenye lile baraza, akamwita Vuai mbele ya watu, akaanza kucheka. Alicheka hata akajifuta macho.

"Vuai, umenifundisha. Nilikuwa nikilisikia neno lile nikidhani ni jibu, kumbe lilikuwa mto wa kulalia. Sikieni nyote: tangu leo, mtu yeyote wa baraza langu atakayesema jambo liko mbioni, na akimbie yeye mpaka jambo lifike." Watu wakapiga makofi. "Na Vuai nimempa gunia la mchele, na mkewe jozi mpya ya kanga za kisutu. Waziri, zawadi hiyo iko wapi?"

Waziri Shekue alikuwa amechoka, amelala na tausi siku nyingi, na ulimi ni mnyama wa mazoea.

"Maulana, iko mbioni," akasema.

Sultani akainua nyusi. Waziri akafumba kinywa chake kwa mikono miwili, lakini neno lilikuwa limekwisha toka.

Basi akaikunja kanzu kiunoni, akajitwika gunia, akaweka kisutu juu yake, akatoka mbio. Akapita vichochoro, wauza samaki wakisimama kumtazama, na yule muuza maandazi akisema, "Mpisheni, mpisheni, huyu ana haraka ya serikali." Hakuwa amefika nusu ya njia mvua ya masika ikashuka.

Bi Kazija alikuwa ndani kwake. Alikuwa ameshinda akifagia na kupiga deki, na sasa amejilaza chali kitandani, Vuai kando yake, wote wawili wanaisikiliza mvua ikipiga juu na kutafuta njia, isiipate, maana Fundi Mbwana aliwaezekea kwa makuti mapya kwa upendo tu.

"Hodi!" ikasikiwa nje. "Hodi humu!"

"Nani?" akauliza Bi Kazija.

"Mimi, Waziri Shekue! Nimeleta zawadi ya Sultani. Nifungulieni, nalowa!"

Vuai akataka kuinuka. Mkewe akamshika mkono. "Lala, baba." Kisha akapaza sauti, tamu kama ya bibi harusi. "Karibu sana, bwana Waziri! Mgeni wa heshima! Naja sasa hivi, natafuta kanga nijitande."

Akaanza kuitafuta. Akatazama chini ya kitanda, akatazama nyuma ya mlango, akafunua vyungu kimoja kimoja. Kanga alikuwa amejitanda kichwani. Vuai akaiona, akataka kumwambia, kwa kuwa yeye ni mtu wa kusema kitu kama kilivyo. Kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akanyamaza, akapiga mwayo, akajifunika shuka.

Hekaya imefika kizingitini, haiendi mbele: aliye ndani na acheke, aliye nje na alowe.